Mbegu Ndani ya Maji: Wanyama Wanavyotusaidia Kuielewa Saratani ya Ovari



Mama wa miaka hamsini na kitu anayelima karoti na maharage kwenye miteremko ya Mgeta anapoanza kuvimba tumbo, maelezo huwa hayakosekani. Mmoja atasema ni minyoo, mwingine bandama, mwingine gesi, na wa nne atanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Atakunywa dawa ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha ya mizizi. Mvua za masika zitaanza na barabara itaharibika. Atakapofikishwa Morogoro mjini, pengine miezi sita itakuwa imepita.

Mara nyingi tumbo hilo lina ugonjwa mwingine unaotibika. Lakini mara nyingine ni saratani ya ovari, na hapo miezi sita ni mingi mno. Kamati kadhaa zinauliza kwa nini ugonjwa huu hugunduliwa ukiwa umekwisha kuenea, na kwa nini mgonjwa aliyetolewa maji tumboni akapata nafuu hurudi tena akiwa amevimba vilevile. Wahisani nao wanauliza kama kuna maana ya kutoa fedha kwa ugonjwa ambao wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Majibu ya maswali hayo yamepatikana kwa sehemu kubwa kutoka kwa kuku na panya. Makala haya yanaeleza wanyama hao wametufundisha nini, na somo hilo linatudai nini sisi tulio katika parokia za milimani.

OVARI NI NINI?

Kila mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi, na kila moja ina ukubwa kama wa lozi. Humo ndimo mayai ya uzazi hukaa na kukomaa. Yai likiiva hutoka kwenye ovari na kupokelewa na mrija wa uzazi ambao mdomo wake uko karibu kabisa.

Ni muhimu kutochanganya saratani hii na ile ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi, ina kipimo rahisi cha kupaka siki kinachofanyika katika vituo vingi vya afya, na tangu mwaka 2018 wasichana nchini kote wamekuwa wakipewa chanjo dhidi yake. Saratani ya ovari haina chanjo, na kipimo cha siki hakiioni. Huko Uingereza, wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi ili kuona kama kupima damu na kupiga picha ya ultrasaundi kila mwaka kungeokoa maisha yao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya ovari havikupungua.

Mwaka 2022 peke yake, wanawake wapatao 324,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao 207,000 walifariki kwa ajili yake. Nchini Marekani, wanawake zaidi ya 9 kati ya 10 ambao saratani yao haijatoka kwenye ovari huishi miaka mitano au zaidi. Ikiwa imekwisha kufika mbali, ni wapatao 3 tu kati ya 10. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kuenea, na ndiyo maana watafiti wametumia miaka mingi kuuliza swali moja: inaeneaje?

MBEGU NA UDONGO

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London aitwaye Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba saratani haisambai ovyo mwilini, bali hupendelea viungo fulani. Akaifananisha na mbegu: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa.

Mkulima wa Uluguru hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Ila kwa saratani ya ovari tunaongeza kitu kimoja, yaani maji. Saratani nyingine nyingi husafiri zaidi kwa njia ya damu na mishipa ya limfu. Hii ya ovari ina njia yake fupi. Ndani ya tumbo la kila mtu kuna majimaji kidogo yanayolainisha utumbo ili usisuguane. Ovari na mdomo wa mrija wa uzazi viko wazi ndani ya nafasi hiyo, bila ukuta wa kuvizuia. Seli za saratani zikibanduka, moja moja au kwa vibonge vidogo, huanguka katika majimaji hayo na kuelea. Kila tunapovuta pumzi, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo husogea, na majimaji huvutwa taratibu kutoka chini ya kitovu kwenda juu, hasa upande wa kulia kuelekea kwenye ini. Mbegu zinachukuliwa na kijito hicho bila mgonjwa kusikia chochote.

Haya yote hayawezi kuonekana kwa macho ndani ya mama aliye hai. Daktari humwona mgonjwa mwishoni, safari ikiwa imekwisha. Ili kuona mwanzo na katikati yake, ilibidi kutafuta mnyama.

KUKU WA MAYAI

Wanyama wengi hawapati saratani ya ovari kwa urahisi. Mmoja anayeipata mara nyingi, pasipo mtu kumfanyia lolote, ni kuku wa mayai. Mwaka 1987 mtafiti Fredrickson wa Marekani alichapisha taarifa kuhusu kuku waliofugwa hadi uzeeni badala ya kuuzwa utagaji ulipopungua. Uvimbe wa ovari ulikuwa wa kawaida miongoni mwao, na uliongezeka kadiri umri wao ulivyosonga. Kama ilivyo kwa wanawake, kuku hao hujaa maji tumboni, na saratani yao hutapakaa juu ya utumbo na viungo vingine vya tumbo.

Kwa nini kuku? Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 1971, daktari Mwafrika, Mahmoud Fathalla wa Misri, alikuwa ametoa wazo lake katika jarida la Lancet. Alisema kila yai linapotoka huacha jeraha dogo juu ya ovari, na jeraha hilo hupaswa kupona. Majeraha na uponaji usiopumzika kwa miaka mingi huongeza nafasi ya seli kukosea na kugeuka saratani. Mwanamke asiyekuwa mjamzito hutoa mayai kama 12 au 13 kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga karibu 300. Amemaliza kwa miaka miwili kazi ambayo ovari za mwanamke haziifanyi kwa maisha yake yote.

Watafiti walipochunguza kuku wenye kasoro ya kurithi inayowafanya watage mara chache sana, waliwakuta na saratani hiyo kwa kiwango kidogo mno kuliko wenzao. Hilo linakwenda pamoja na yanayoonekana kwa wanawake: kuzaa, kunyonyesha na kutumia vidonge vya kupanga uzazi, mambo ambayo yote hupumzisha ovari, hupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Kupunguza si kuzuia. Mama aliyezaa watoto saba anaweza kuupata, kwa hiyo asiambiwe kwamba haiwezekani.

Tuseme pia jambo moja ili lisizue hofu mabandani. Saratani ya ovari haiambukizwi kwa kula nyama ya kuku wala mayai. Kadhalika, si kila kuku aliyevimba tumbo ana saratani. Kuku huvimba pia kwa mayai kupasukia ndani na kwa maradhi mengine kama Marek, ambayo ina chanjo yake. Mwiteni mtaalamu wa mifugo.

PANYA NA PAZIA LA MAFUTA

Kuku alionyesha nani anaugua na kwa nini. Ili kuifuata seli moja moja njiani, watafiti walihitaji panya.

Panya wa kawaida akiwekewa seli za saratani ya binadamu, kinga ya mwili wake huziua. Mlango ulifunguka walipopatikana panya wasio na manyoya, walioonekana Glasgow miaka ya 1960, ambao huzaliwa na upungufu mkubwa wa kinga. Mwaka 1969 watafiti wa Denmark, Rygaard na Povlsen, walifaulu kupandikiza uvimbe wa binadamu ndani ya panya hao na ukaendelea kukua. Tangu hapo seli zilizotolewa kwa wanawake wagonjwa zimeweza kuchunguzwa ndani ya mwili ulio hai. Mwaka 2000 watafiti wa Kansas walitangaza njia nyingine: seli za ovari za panya mwenyewe zilizogeuka saratani, ambazo hukua katika panya mwenye kinga kamili. Kwa njia hii waliweza kuona pia jinsi kinga ya mwili inavyopambana, au inavyoshindwa.

Seli hizo zinapodungwa tumboni mwa panya, haziendi kila mahali kwa usawa. Hukimbilia omentamu. Kila aliyechinja mbuzi anaifahamu omentamu hata kama hajui jina lake. Ni lile pazia la mafuta unalolikuta likifunika utumbo mara tu unapopasua tumbo. Binadamu naye analo. Ndani yake kuna vidoa vidogo vyeupe vya seli za kinga, ambavyo kazi yake ni kunasa uchafu na vijidudu vilivyomo katika maji ya tumbo. Kwa bahati mbaya vidoa hivyo hunasa pia seli za saratani, na badala ya kuziua huzipatia makazi.

Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha hatua inayofuata. Seli za mafuta katika omentamu hutoa kemikali zinazoziita seli za saratani, kisha huzigawia mafuta yao kama chakula. Saratani inapokua, mafuta yanapungua hadi pazia lile laini linageuka kuwa bonge gumu. Huo ndio udongo wa Paget, na katika ugonjwa huu ni udongo wenye rutuba kuliko wote. Ndiyo sababu daktari bingwa anapompasua mgonjwa wa saratani ya ovari huondoa omentamu pamoja na ovari, mirija na mfuko wa uzazi. Ndugu wasishtuke wakisikia kwamba "mafuta ya tumbo" nayo yametolewa.

Na yale maji? Mwaka 1983 watafiti wa Boston, wakifanya kazi na simbilisi waliokuwa na uvimbe tumboni, waligundua kwamba seli za saratani hutoa kitu kinachoifanya mishipa midogo ya damu ivuje. Wakati huohuo, seli nyingine huziba vijia vidogo vilivyo chini ya msuli wa kupumulia, ambavyo kwa kawaida hunyonya maji yaliyozidi. Bomba linavuja na mfereji umeziba. Hapa limejibiwa swali la kamati: kumtoa mgonjwa maji humpa nafuu ya kupumua na kula, na ni tendo la huruma, lakini kilichoyaleta maji kingalipo na kitayaleta tena. Maji hayo yasimwagwe bila kupimwa, kwa kuwa maabara inaweza kukuta ndani yake seli za saratani, au dalili za kifua kikuu cha tumbo.

Mwaka 2014 panya walituongezea fundisho jingine. Watafiti wa Houston waliwaunganisha panya wawili ubavuni ili washiriki damu lakini kila mmoja abaki na tumbo lake. Saratani iliyopandwa kwa mmoja ilifika kwenye omentamu ya mwenzake. Hakuna maji yaliyopita kati yao, kwa hiyo ilipita kwa damu. Hivyo njia ya maji ndiyo kubwa, lakini siyo pekee.

INAANZIA WAPI HASA?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Uholanzi waliokuwa wakichunguza wanawake wenye historia ya saratani katika familia walikuta seli zilizoanza kubadilika, si katika ovari, bali katika mrija wa uzazi. Mwaka 2012 panya walitumika kulithibitisha jambo hilo. Watafiti wa Houston walikuwa na panya waliobadilishwa jeni ili waipate aina ya saratani ya ovari iliyo kali na inayotokea zaidi. Walipowatoa mirija mapema, saratani haikutokea. Walipowatoa ovari na kuwaachia mirija, ilitokea.

Maana yake ni kwamba saratani nyingi tunazoziita za ovari huanzia mdomoni mwa mrija, mahali ambapo mbegu zinaweza kudondokea majini tangu siku za mwanzo kabisa. Ndiyo maana uvimbe wenyewe unaweza kuwa mdogo huku tumbo zima limekwisha kupandwa. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, tangu mwaka 2010 madaktari wamehimizwa kuondoa mirija pale mwanamke aliyemaliza kuzaa anapofanyiwa upasuaji mwingine wa uzazi.

Hapa lipo neno kwa familia zetu. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mtu akiulizwa habari za ukoo wake hutaja wajomba na mama wakubwa. Lakini jeni ziitwazo BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, hurithiwa kwa mama au kwa baba. Daktari akiuliza kama kuna aliyeugua katika familia, shangazi na bibi mzaa baba nao watajwe.

KUTOKA KWA PANYA HADI KWENYE DRIPU

Baadhi ya wahisani wameuliza kama utafiti huu umewahi kumsaidia mgonjwa yeyote. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State aligundua kwamba kemikali zenye madini ya platini huzuia bakteria kugawanyika. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba zimeangamiza uvimbe katika panya. Mwaka 1978 dawa iliyotokana na kazi hiyo iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa, wakiwemo wa saratani ya ovari. Ndugu yake, carboplatin, pamoja na dawa iitwayo paclitaxel, bado ndizo msingi wa tiba ya ugonjwa huu, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hata hivyo, wanyama wana mipaka yao, na si uungwana kuificha. Dawa nyingi zilizowaponya panya zimeshindwa kwa binadamu. Omentamu ya panya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mama mzima. Ovari ya panya imefunikwa na kifuko, ya mwanamke haikufunikwa. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Kwa hiyo mkisikia redioni kwamba "dawa ya saratani imepatikana", ulizeni kwanza: imepatikana kwa panya au kwa watu?

JE, NI HAKI KWA WANYAMA?

Swali hili ni la dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2417, inaona kwamba majaribio kwa wanyama yanakubalika kimaadili yakiwa ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Kifungu kinachofuata kinakataa kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu. Watafiti nao wana kanuni tatu walizopewa na Russell na Burch wa Uingereza mwaka 1959: kutotumia mnyama pale njia nyingine inapotosha, kutumia wachache iwezekanavyo, na kupunguza maumivu yao. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Leo sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa kwa panya hufanywa kwa seli katika vyombo vya maabara na kwa majimaji yaliyotolewa na wagonjwa wenyewe kwa hiari yao.

Majaribio tuliyoyaeleza yamefanyika Marekani na Ulaya. Lakini mnyama kumtumikia binadamu katika afya si habari ngeni Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi yenye kifua kikuu na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya mmoja aliyezaliwa hapo mwaka 2013, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Yeye alistaafu na kufa kwa uzee mwaka 2022. Kuku na panya wa maabara hawapati nishani. Njia ya kuwaheshimu ni kuyatumia waliyotufundisha.

HAYA YANATUDAI NINI?

Kwanza, tumbo lisingojwe. Wanakamati wa afya wazijue dalili nne: tumbo kujaa au kuvimba, kushiba haraka, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, na kukojoa mara kwa mara au kwa haraka. Kila mtu hupata mojawapo siku moja moja. Zikiwa ni mpya, na zikitokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi, hasa kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 au aliyekoma hedhi, aende kituo cha afya na aombe kuchunguzwa tumbo na nyonga na kupigwa ultrasaundi. Dawa ya minyoo ikishindwa mara moja, isirudiwe mara tatu.

Pili, uvimbe usikandwe wala kuchomwa. Madaktari wa upasuaji hujitahidi kuutoa uvimbe wa ovari ukiwa mzima, kwa sababu ukipasuka humwaga mbegu ndani ya tumbo. Kuukanda kwa nguvu nyumbani ni kucheza na hatari hiyohiyo.

Tatu, tusimhukumu mgonjwa kabla ya vipimo. Maji tumboni huletwa pia na kichocho, ugonjwa wa ini, moyo au kifua kikuu, na mengi ya hayo yana tiba. Kwenda mapema humsaidia hata yule ambaye hana saratani.

Nne, fedha ziwekwe mahali penye kikwazo. Kutoka Morogoro mjini hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 190, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR imeifupisha safari hiyo. Kipande kigumu ni cha juu, kutoka kitongojini hadi mjini, kwa machela na kwa bodaboda, wakati wa masika. Hapo ndipo miezi hupotea. Tunaziomba kamati ziwe na mfuko mdogo wa nauli ambao katibu anaweza kuutoa siku hiyohiyo, bila kungoja kikao. Tunawaomba wahisani wakumbuke mambo yasiyopendeza katika picha: kipimo cha ultrasaundi, gharama ya kupima kipande cha uvimbe maabara, malazi ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza, na chakula kwa wiki za matibabu.

Tano, yule aliyechelewa asiachwe. Kutolewa maji, dawa za maumivu na mtu wa kumtembelea ni huduma kamili. Kwa mama wa Kiluguru ambaye shamba la ukoo limo mikononi mwake, muda wa kukaa na binti zake na kupanga mambo una thamani kubwa, na maumivu yasimnyang'anye muda huo.

Kila kamati ipange katika kikao chake kijacho mambo mawili na kuyaandika katika muhtasari: jina la mtu atakayepokea taarifa za akina mama wenye dalili hizi katika kila kitongoji, na kiasi cha fedha kitakachokuwa tayari kwa nauli. Kabla mvua hazijaanza, yote mawili yawe yamekamilika.